Mali ya Daima katika Dunia Inayobadilika

Mfuko wa jamii ni taasisi inayopokea michango ya watu wengi wa eneo moja, ikaiunganisha kuwa mtaji wa kudumu, kisha ikatumia mapato ya mtaji huo kwa manufaa ya eneo hilo kizazi baada ya kizazi. Mmoja hutoa shamba, mwingine fedha, mwingine sehemu ya urithi wake. Bodi ya wadhamini husimamia vyote na kuamua mapato ya mwaka yaende wapi: shule, zahanati, kisima au karo za yatima. Taasisi ya kwanza ya aina hii ilianzishwa mwaka 1914 mjini Cleveland, Marekani, na Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa akiongoza benki. Nchini Kenya, Kenya Community Development Foundation ilianza mwaka 1997. Wazo lenyewe, hata hivyo, si geni katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi mashamba ya minazi, visima na nyumba za kupangisha vimewekwa wakfu ili pato lake liwafae watu ambao mtoaji hatawaona.

Mabadiliko ya tabianchi yameiweka mifuko hii mbele ya swali ambalo waasisi wake hawakulazimika kulijibu. Mali imewekwa kwa ajili ya mahali fulani, milele. Sasa mahali penyewe panabadilika: bahari inapanda, mvua zinakosa majira, na kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutosheleza kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Somalia na Ethiopia. Chanzo cha mabadiliko hayo kiko mbali na mipaka ya mfuko wowote, na dawa yake nayo haipatikani ndani ya kijiji kimoja. Aliyekabidhiwa mali ya daima ana wajibu gani katika hali hiyo? Hilo ni swali la maadili na la dini kabla ya kuwa swali la hesabu.

Asili na matunda

Fikihi ya wakfu hurejea kwenye habari ya Umar ibn al-Khattab, aliyepata shamba Khaybar akamwendea Mtume kuomba ushauri. Alielekezwa kuizuia asili ya mali na kuyatoa sadaka matunda yake. Tangu hapo kanuni imesimama: asili haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi, kinachogawiwa ni mazao. Mifuko ya jamii ya kisasa inafuata mwendo huohuo inaposema mtaji usiguswe na mapato tu yatumike.

Kanuni hiyo ina maana pale tu asili inapotunzwa, na Mji Mkongwe wa Zanzibar unalionyesha hilo waziwazi. Nyumba nyingi za mji huo ni wakfu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na sakafu za ghorofa zimebebwa na boriti za mikoko. Lipu ya chokaa isipopakwa upya, maji ya mvua hupenya ukutani. Boriti huanza kuoza kwenye ncha zilizozama ndani ya ukuta, mahali ambapo mpangaji haoni chochote, na siku moja sakafu hushuka. Hati bado inasema nyumba haiuzwi wala hairithiwi, lakini kilichobaki ni kifusi. Hakuna aliyevunja sharti la mtoaji, na bado wakfu umepotea.

Wanazuoni wa fikihi waliliona jambo hilo mapema, wakaweka utaratibu: pato la wakfu hutangulia kwenda kwenye matengenezo ya asili, na wanufaika hugawiwa kinachobaki. Msimamizi anayegawa kodi yote kwa maskini huku paa likivuja anaonekana mkarimu, lakini anawaibia maskini wa kesho. Utaratibu huu ndio ufunguo wa suala la tabianchi. Kwa kawaida bodi za mifuko huiweka kazi ya tabianchi kama jambo jipya linaloshindana na zahanati na karo, na kwa kuwa zahanati ina wagonjwa mlangoni, tabianchi hushindwa kila mwaka. Upangaji huo umekosea mahali pa kuanzia. Kulinda chemchemi, mikoko na malisho ambayo maisha ya eneo yanayategemea ni matengenezo ya asili, na matengenezo hutangulia mgao.

Pingamizi moja ni kwamba asili ya mfuko ni fedha, na fedha zilizowekezwa katika hati fungani haziliwi na chumvi ya bahari. Ni kweli kwamba akaunti inaweza kubaki nzima wakati kijiji kinahama. Lakini mfuko haukuundwa ili akaunti iwepo. Uliundwa kwa ajili ya watu wa mahali fulani, na watu hao wakitawanyika kwa kukosa maji au ardhi, mapato yanabaki bila mwenyewe. Fedha ni chombo cha asili. Asili yenyewe ni uwezekano wa watu kuendelea kuishi pale.

Haki ya ambao hawajazaliwa

Wajibu wa kutunza asili unadai kwamba watu wa baadaye wana haki juu ya walio hai. Katika falsafa ya Afrika dai hilo limewahi kutiliwa shaka. John Mbiti, mwanatheolojia mzaliwa wa Kitui, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, kwamba fikra za jadi za Kiafrika zinauona wakati katika pande mbili, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo katika fikra hizo. Kama ni hivyo, mtaji wa milele ungekuwa mgeni katika ardhi ya Afrika. Mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye alimpinga akitumia ushahidi wa Waakan, na pwani ya Kenya nayo ina ushahidi wake. Kaya za Wamijikenda, zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ni misitu iliyolindwa kwa makatazo ya wazee: kuni hazikatwi, mifugo haiingii, njia ni ile iliyoruhusiwa. Makatazo hayo yanaheshimu waliotangulia, na papo hapo yanawaachia wajao msitu. Anayeilinda Zamani kwa uaminifu anakuwa ameulinda wakati ujao, hata kama hakuutaja.

Shaka ya pili inatoka Uingereza. Mwanafalsafa Derek Parfit alionyesha mwaka 1984 kwamba uamuzi mkubwa wa leo hubadilisha hata ni nani atakayezaliwa: watu watakutana kwingine, wataoana na wengine, watapata watoto wengine. Mtoto wa mwaka 2120 hawezi kulalamika kwamba angekuwa na hali bora kama sera ingekuwa tofauti, kwa sababu chini ya sera hiyo asingekuwepo yeye, angekuwepo mwingine. Basi wajibu ni kwa nani?

Wakfu una jibu la vitendo kwa fumbo hilo. Hati ya wakfu haimtaji mnufaika kwa jina lake pale inaposema maskini wa mji, wasafiri wanaopita, au wanafunzi wa madrasa fulani. Haki imewekwa juu ya nafasi, na yeyote atakayeikalia nafasi hiyo ni mwenye haki kamili. Kadhi hahitaji kujua msafiri wa kesho ni nani ili amwajibishe msimamizi aliyekiacha kisima kifukiwe. Vivyo hivyo, wadhamini wa mfuko wa jamii wanadaiwa na mkazi wa Vanga wa mwaka 2120, awe nani awe.

Shaka ya tatu ni ya wachumi, ambao hupunguza thamani ya mambo ya baadaye kwa kiwango fulani kila mwaka. Kwa kiwango cha asilimia 5, shilingi 1,000 za miaka 100 ijayo huhesabiwa kuwa chini ya shilingi 8 leo. Hesabu hiyo inafaa kwa mkopeshaji anayechagua pa kuweka fedha zake. Ikitumiwa kupima maisha ya watu inageuka dhuluma, na Frank Ramsey, mmoja wa waasisi wa hisabati hizo, alikiri tangu 1928 kwamba kuzidharau raha za baadaye kwa sababu tu ni za baadaye hakuna utetezi wa kimaadili. Mfuko ulioahidi kuwepo milele hauna ruhusa ya kuuhesabu mwaka wa mia kuwa karibu na sifuri.

Jirani wa juu na jirani wa chini

Wajibu unaovuka wakati unavuka pia mipaka ya ardhi. Mto Umba unaanzia milima ya Usambara nchini Tanzania, unavuka mpaka na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Vanga, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya. Vanga, pamoja na vijiji jirani vya Jimbo na Kiwegu, ina msitu wa mikoko ambao wenyeji wanauhifadhi. Mikoko huishi kwa kuchanganyikana kwa maji matamu ya mto na maji ya chumvi, na kwa udongo laini unaoletwa na mto. Miteremko ya juu ikikatwa miti, tope jingi hushuka wakati wa masika na kufunika mizizi inayopumua. Mto ukikauka wakati wa kiangazi, chumvi huzidi. Hatima ya mikoko ya Vanga inaamuliwa kwa sehemu na mashamba ya mkoani Tanga.

Mtoaji aliyetoa mali yake kwa ajili ya watu wa Vanga angekubali itumike kuotesha miche Usambara? Uislamu unamhesabu jirani kuwa na haki nzito hata asipokuwa wa dini moja, na Injili inajibu swali la jirani ni nani kwa habari za Msamaria, mgeni aliyesimama pale ndugu walipopita. Mafundisho yote mawili yanamtambua jirani kwa tendo linalomfikia mwingine, iwe kwa madhara au kwa msaada. Kwa kipimo hicho, mkulima wa mlimani na mvuvi wa mdomoni mwa mto ni majirani kamili, ingawa wana pasipoti tofauti. Kuotesha miche kule juu ni kuwatumikia watu wa Vanga pale ambapo tatizo lao linaanzia.

Hapo ndipo hatua ya kikanda inapopata maana yake. Eneo la kazi la mfuko halina budi kufuata bonde la mto, njia za malisho au mkondo wa pwani, kwa sababu hali ya hewa haifuati ramani ya kata. Kwa kuwa sheria za nchi mbili hazifanani, njia nyepesi ni mifuko miwili, mmoja kila upande, kukubaliana juu ya mpango mmoja wa bonde na kila mmoja kulipia kazi ya upande wake.

Sadaka haifuti deni

Kuna hatari moja ambayo mfuko wa jamii barani Afrika lazima uikabili bila kupepesa macho. Bara zima linachangia takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotolewa duniani kila mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 kuhusu mabadiliko ya tabianchi ulikiri kwamba wajibu wa nchi ni wa pamoja lakini unatofautiana, na mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh nchi zilikubali kuanzisha mfuko wa kimataifa wa hasara na uharibifu. Mvuvi wa Vanga anapochanga shilingi zake kuziba pengo lililofunguliwa na viwanda vya mbali, mchango wake unastahili heshima. Lakini taasisi inayouita mchango huo kujitegemea, ikanyamaza kuhusu mwenye deni, inamsaidia mwenye deni kutoroka.

Sadaka hutolewa kwa hiari ya mtoaji. Deni hudaiwa kwa haki ya mdai. Kuvichanganya viwili hivi ni kumfanya aliyedhulumiwa kuwa ombaomba. Kwa hiyo mfuko una kazi mbili zinazokwenda sambamba: kusaidia sasa kwa sababu njaa haisubiri mikutano, na kutunza kumbukumbu za kile kilichopotea ili dai lisife. Visima vilivyoingiwa na chumvi, ekari za mpunga zilizoachwa, mifugo iliyokufa katika ukame: haya yakiandikwa mwaka baada ya mwaka, kwa tarehe na mahali, yanakuwa ushahidi ambao mradi wa miaka mitatu hauwezi kuukusanya.

Kazi inayoufaa mfuko

Mradi wa Mikoko Pamoja katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, unaonyesha ni aina gani ya msaada inayohitajika. Vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Kazi ya kupima ni ya mikono. Katika viunga vilivyotengwa, tope likifika magotini, unene wa kila shina hupimwa kwa utepe kwenye kimo cha sentimita 130. Kwa mkoko wenye mizizi ya magongo, utepe hufungwa juu ya mzizi wa juu kabisa, kwa kuwa chini ya hapo hakuna shina la kupima. Vipimo hivyo ndivyo vinavyozaa takwimu ya kaboni, na takwimu ndiyo inayouzwa. Fedha zimepeleka maji vijijini na kusaidia shule, na mivinje imepandwa ili wanaohitaji miti ya kujengea na kuni wasiingie mikokoni.

La kuangaliwa zaidi ni muda. Upandaji wa majaribio na utafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, ulianza Gazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Cheti cha kuuza kaboni kilipatikana 2013. Ni kama miaka 20 ya kupanda, kupima na kujadiliana kabla ya shilingi ya kwanza. Mfadhili wa kawaida angekuwa ameondoka mara kadhaa. Mfuko wa jamii hauna pa kuondokea, na uvumilivu huo ndio mchango wake mkubwa kuliko wingi wa fedha zake: kulipia miaka isiyo na matokeo ya kuonyesha, kuwakutanisha wavuvi, watafiti, wakulima na maofisa wa kaunti ambao hawana meza nyingine ya pamoja, na kubaki pale mradi unaposhindwa.

Pengo jingine liko kati ya fedha za umma na kata. Baadhi ya kaunti za Kenya, zikianzia Isiolo na kufuatiwa na Wajir, Garissa, Makueni na Kitui, ziliunda mifuko ya tabianchi ambayo asilimia 70 ya fedha huamuliwa na kamati za kata, 20 na kaunti, na 10 huendesha shughuli. Isiolo, kazi hiyo ilijengwa juu ya dedha, utaratibu wa wazee wa Waborana wa kugawa malisho na maji kwa majira. Utaratibu mzuri wa aina hii hukwama kwa vitu vidogo: kamati isiyojua kuandika hesabu, sheria ndogo isiyopata mwanasheria wa kuiandika, fedha za bajeti zinazochelewa wakati mvua zimekwisha anza. Kiasi kidogo kutoka mfuko wa jamii, kikitolewa kwa wakati, hufungua njia kwa kiasi kikubwa cha serikali. Kuchukua nafasi ya serikali kungekuwa kosa, kwani mwananchi ana haki ya kuidai serikali yake, na hawezi kuudai mfuko kwa kura.

Mtaji wenyewe nao una maadili yake. Pato la wakfu lazima liwe halali, na uhalali hauishii kwenye kukwepa riba na pombe. Mwaka 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Lamu, baada ya wenyeji kudai kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mfuko ambao hisa zake ziko katika makaa ya mawe huku ukigharamia kuta za kuzuia bahari unaharibu asili kwa mkono mmoja na kuitengeneza kwa mwingine.

Nani anaamua

Msimamizi wa wakfu si mmiliki. Kauli hiyo hurudiwa mara nyingi na kusahauliwa mara nyingi zaidi, hasa fedha zinapoongezeka. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya yanataka miradi ya kaboni inayotumia ardhi ya jamii kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama. Sheria imetaja sehemu ya jamii. Haiwezi kuhakikisha kwamba ndani ya jamii anasikika mwanamke anayeokota pweza miambani, kijana asiye na shamba, au mkata boriti ambaye msitu ukifungwa ndiye wa kwanza kukosa chakula.

Haki inataka mzigo wa hifadhi usibebwe na aliye dhaifu kuliko wote. Mkata boriti apate mvinje wake kabla ya kukatazwa mkoko, na mvuvi apate njia nyingine ya riziki kabla ghuba haijafungwa. Hesabu zisomwe hadharani barazani, kwa lugha ambayo kila aliyeketi anaielewa, na wajumbe wa bodi wawe na ukomo wa muda.

Kuihifadhi asili au kuitumia

Linabaki swali gumu kuliko yote: kama matengenezo yanazidi mapato, mfuko uguse mtaji? Goff alianzisha taasisi ya Cleveland ili kuiokoa mali ya hisani na mkono wa wafu, yaani masharti ya mtoaji yaliyopitwa na wakati; aliwapa wadhamini uwezo wa kubadili matumizi pale hali inapobadilika. Katika fikihi, madhehebu ya Hanafi yameruhusu kubadilisha asili kwa asili nyingine yenye manufaa zaidi chini ya usimamizi wa kadhi, wakati madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa zaidi pwani ya Afrika Mashariki, yamelibana jambo hilo sana. Pande zote zinalinda kitu cha kweli. Ukali wa Shafii unazuia wasimamizi wasiuze mali ya milele kwa visingizio. Upana wa Hanafi unazuia mali ya milele isife ikiwa imefungiwa.

Tabianchi inadai njia inayoheshimu hofu zote mbili. Mtaji unaweza kuguswa pale masharti matatu yanapotimia pamoja. La kwanza, hasara inayozuiwa iwe ni ile isiyoweza kurudishwa baadaye kwa fedha yoyote, kama chemchemi inayokufa au ufukwe unaomezwa. La pili, fedha zigeuke kuwa asili nyingine yenye kuzaa, iwe msitu, bwawa la mchanga au ardhi salama ya kuhamia, wala zisiishie katika matumizi ya siku moja. La tatu, uamuzi ufanywe hadharani na wale watakaoishi na matokeo yake, na uandikwe ili wajao waweze kuuhukumu. Sharti moja likikosekana, mtaji ubaki ulipo. Yote yakitimia, wadhamini wanaoutoa wanaitunza amana, kwa kuwa waliyokabidhiwa kwanza ni mahali na watu wake, na fedha ziliwekwa kwa ajili yao.